Mbia wa Pili wa Kinu cha Talukdar

Shalbonpur, Dinajpur
2 Julai 1997

Mpwa wangu Tuni,

Asalaam aleikum. Huku wazima sote, isipokuwa goti la mama yako, ambalo tangu mvua zianze linatabiri hali ya hewa kuliko redio. Anakusalimu, anauliza kama unakula. Nimemwambia mtu mwenye cheo hali, analishwa. Mfenesi wa nyuma ya jiko mwaka huu umezaa mpaka tawi likavunjika. Fenesi moja tulilibingirisha watu wanne hadi ukumbini, na mlango ukabidi tuung'oe. Mama yako akikwambia vinginevyo, ujue siku hiyo alikuwa amelala.

Habari za cheo chako zilifika sokoni kabla sijamaliza kuisoma barua yako. Mimi ndiye niliyezifikisha, sikatai. Nilisimama kwa muuza chai nikasema, "Jamani, mkaguzi wa maboila ya kaskazini yote, kuanzia Bogra hadi mpakani, mnamjua ni nani? Ni Tuni wangu, aliyejifunza kutembea akishika kidole hiki!" Nikakiinua. Muuza chai akasema, "Kaka Badol, kidole hicho si juzi ulisema kimeliwa na mamba?" Nikamjibu, "Alikitema. Alishindwa." Wakacheka mpaka wakapaliwa, lakini tangu siku hiyo chai silipi.

Sasa nikupe lililonikalisha chini kuandika. Cheti cha boila la kinu cha Bwana Talukdar kilikwisha muda wake mwezi wa tano. Boila hilo unalijua. Nimeliwasha miaka kumi na tisa, na moshi wake ndio uliokusomesha baada ya baba yako kutangulia. Tunataka cheti kipya kabla ya mavuno ya Novemba, maana siku hizi ofisi yenu imekuwa kali, na bila cheti hatuwezi kutokosa mpunga wa watu kwa mvuke wake. Njoo wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mgeni hatalielewa, lile lina tabia zake.

Ni mimi mjomba wako,
Badol


Dhaka, 19 Julai 1997

Mjomba,

Aleikum salaam. Mwambie mama nakula. Nimempa dereva wa basi la Dinajpur chupa ya mafuta ya goti, mama ayapake asubuhi, asiyafiche kwa ajili ya wageni. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Nimeuzoea.

Mwezi wa tano boila la kinu kimoja kusini lilipasuka. Walinipeleka kwenda kupima vipande. Sitakuandikia nilichokiona pale. Ninachotaka ujue ni kwamba mkaguzi aliyekipa kinu kile cheti alikuwa shemeji wa mwenye kinu, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Alisaini bila kufungua hata kifuniko, kwa sababu alikuwa amekaribishwa chakula.

Kwa hiyo ofisi imetoa fomu mpya. Kila mkaguzi anatakiwa kuandika kama ana ndugu yeyote mwenye hisa kwenye kinu au kiwanda cha kanda yake. Wanauita mgongano wa maslahi. Ukiwa naye ndugu wa namna hiyo, unasema, faili linapewa mwingine, na hakuna anayekulaumu. Ukificha, hapo ndipo kosa linapoanza.

Nakuuliza, mjomba, na nakuomba unijibu kwa maneno machache: una kitu chochote kwenye kinu kile zaidi ya mshahara? Kuhusu mshahara nimekwisha mwuliza mkaguzi mkuu. Amesema mwasha moto si mwenye mali, niandike tu kwamba nina mjomba anayefanya kazi pale. Nitaandika. Fomu inarudishwa mwisho wa Agosti.

Usiwaambie watu sokoni kwamba nitakuja.

Tuni


Shalbonpur, 16 Agosti 1997

Tuni mwanangu,

Asalaam aleikum. Barua yako ilichelewa kwa sababu ya maji, barabara ya posta imezama tangu mwisho wa Julai. Mafuta yamefika. Mama yako ameyaficha kwa ajili ya wageni.

Haya maji ya mwaka huu ni mate tu. Ungeyaona ya mwaka wa themanini na nane! Wewe ulikuwa bwenini. Nilipanda juu ya tangi kuukuu la kinu, nikalisukuma kwa mwanzi, nikavuka mto na mbuzi saba wa jirani. Katikati ya mto mmoja akazaa. Nikafika ng'ambo na mbuzi tisa, na jirani akanidai eti wale wawili ni wake! Nikamwambia, "Hawa wamezaliwa majini, wadai kwa samaki."

Umeniuliza kuhusu boila. Kwanza usiwe na hofu nalo hata chembe, maana lina daktari, na daktari ni mimi. Geji ya presha ilikufa miaka mitatu iliyopita, mshale umelala kama mlevi, lakini mimi sihitaji geji. Ninaweka sikio ubavuni, nasikiliza. Likiguna, natia pumba. Likiimba, napunguza. Ile vali ya juu, ya kutolea mvuke ukizidi, ilikuwa na tabia ya kupiga mluzi kila saa na kutupotezea mvuke, wanawake wa uwanjani wanaoanika mpunga wakawa wanaruka kama kuku. Nikaining'inizia tofali kwa waya. Ikanyamaza. Mwezi wa sita mshono wa chini ukaanza kutoa jasho. Fundi wa mjini alitaka tulizime wiki mbili alifungue lote. Wiki mbili! Nikachukua kipande cha bati la pipa, nikakichomelea mwenyewe, nikapaka rangi nyekundu juu yake. Sasa linang'aa kama bwana harusi, hutaona pa kuanzia wala pa kuishia. Talukdar mwenyewe alipita akalipapasa akasema, "Badol, mikono yako ingekuwa Ulaya ungekuwa profesa."

Hisa? Hisa gani ya mtu kama mimi, mwanangu. Hisa yangu pale ni moshi na majivu, na huo moshi nimekuwa nikiugawana na mama yako.

Njoo mapema. Bata nimekwisha wachagua.

Badol


Dhaka, 30 Agosti 1997

Mjomba,

Salamu kwako na kwa mama.

Fomu nimeirudisha. Kwenye sehemu ya ndugu wenye hisa nimeandika "hakuna", kwa neno lako. Kwenye karatasi za kinu wabia ni wawili, Talukdar na mmoja anaitwa Mokhlesur Rahman, nadhani ni mtu wa mjini.

Nitakuja tarehe 9 Septemba pamoja na mwenzangu, Bwana Nirmol Biswas. Tutakuja kikazi. Usichinje kitu.

Toa lile tofali leo hii. Usingoje kesho. Na usiliwashe tena mpaka nifike.

Tuni


Shalbonpur, 14 Septemba 1997

Mpwa wangu,

Salamu. Mama yako hajambo ila hasemi nami. Bata wawili tumewala mimi na yeye kwa siku tatu, tunasikia meno tu.

Sikuelewi, Tuni. Nimesimulia mambo mengi maishani mwangu lakini hili la tarehe tisa nitalisimuliaje? Umeshuka kwenye gari la ofisi, wanawake wa uwanjani wamepangwa mstari, mwenzao Komola ameshika shada la maua, nami nimevaa shati la Idi. Komola akapaza sauti, "Jamani, ndiye huyu aliyekuwa akijikojolea kwenye rundo la pumba?" Nikakuona midomo inataka kucheka. Nikasema moyoni, sasa mambo yamekaa sawa.

Ndipo Talukdar na tambuu yake mdomoni akaja mbele. "Madamu, hapa ni nyumbani kwako. Ukitaka, kagua; usipotaka, kunywa chai. Kinu hiki ni cha mjomba wako kama kilivyo changu."

Ukasema, "Kivipi?"

"Kwa karatasi! Huyu ndiye mbia wangu. Mokhlesur Rahman, robo nzima."

Ukanigeukia. "Mjomba. Wewe ndiye Mokhlesur?"

"La shuleni hilo," nikasema. "Mwalimu alinipachika darasa la kwanza. La tatu nikaacha shule, na jina nikaliacha hukohuko."

"Miaka ishirini na saba sijawahi kulisikia."

"Hata mimi nalisikia nikienda ofisi ya ardhi tu."

Komola akacheka, Talukdar akacheka, hata Biswas wako akatazama viatu vyake. Wewe hukucheka. Ulifunga faili, ukamwambia Biswas airudishe nyundo ya ukaguzi sandukuni. Nyundo yenyewe ilikuwa haijagusa boila! Mama yako amesimama mlangoni na kikombe cha maji, ukamshika bega ukasema, "Leo siwezi kunywa, mama." Maji, Tuni. Hata adui hupewa akapokea.

Nilitaka iwe habari njema ya siku ile. Nilitaka Talukdar aseme mbele ya watu, nawe usikie, kwamba mjomba wako si mwasha moto tena.

Tofali nililitoa kama ulivyosema. Ila kesho yake nililirudisha, kwa sababu ya mluzi. Tunawasha kidogo tu, siku za jua.

Badol


Dhaka, 1 Oktoba 1997

Mjomba,

Salamu. Nimepata barua ya mama kwa mkono wa binti wa jirani. Anasema amenisamehe maji. Sikumwomba, lakini namshukuru.

Jina lile nilikuwa nimelisoma mara nne. Nililiandika kwa mkono wangu kwenye daftari la safari. Wewe ulikuwa Badol tangu nimepata akili, soko zima linakuita Badol, hata karatasi za shule yangu alisaini mama. Nimejiuliza kama kweli nisingeweza kujua, au sikutaka kuuliza. Mkaguzi mkuu naye ameniuliza hivyohivyo.

Tuliporudi nilikwenda kwake siku hiyohiyo nikaandika kwamba fomu yangu si kweli na kwamba mbia wa pili ni mjomba wangu aliyenilea. Faili limetolewa kwangu, amepewa Bwana Biswas. Mimi nimesimamishwa kazi za nje hadi kikao cha Novemba. Nakaa mezani napiga mihuri ya barua za watu wengine. Wenzangu wawili wameacha kuniita tukienda kula. Mmoja alisema nimewaharibia, kwa sababu sasa kila mtu ataulizwa majina ya wajomba zake.

Sikulaumu kwa kuwa na hisa. Kama ungesema ndiyo mwezi wa nane, faili lingehama mezani kwangu bila kelele na leo hii ningekuwa nakunywa maji ya mama yangu.

Usiwashe boila. Usilipake rangi, usilichomelee. Hata siku za jua. Hata kidogo. Biswas atakuja baada ya kikao, ni mtu wa haki.

Barua yako ya Agosti ninayo. Haijatoka chumbani mwangu.

Tuni


Shalbonpur, 27 Oktoba 1997

Tuni,

Salamu. Mpunga umeanza kubadilika rangi, wiki nne hivi utakatwa. Goti limetulia. Jirani amepata mtoto wa kiume, amenitaka nimpe jina, nimempa mawili.

Umenifungulia moyo wako, basi na mimi nikufungulie. Robo ile nimeipata kwa shamba la upande wa bwawa. Ndiyo, lile. Mama yako hajui kwamba limeuzwa lote, anafikiri limekodishwa. Na usidhani mimi mpumbavu. Miaka kumi na minane Talukdar ananiita "wewe", kisha mpwa wangu anaajiriwa ofisi ya mkaguzi, na wiki ileile naitwa "kaka", nakaribishwa kiti, naambiwa, "Badol, leta chochote ulicho nacho tuwe wabia." Nilijua ananunua nini. Lakini mtu akikuwekea kiti baada ya miaka kumi na minane ya kusimama, Tuni, miguu hukaa yenyewe.

Sasa sikiliza, mambo nimeyaweka sawa. Talukdar ana wakili hodari. Akasema shida yote ni undugu, undugu ukiondoka, hakuna mgongano, mpwa wako anarudishiwa faili lake na heshima yake. Jumatano tukaenda mahakamani. Karani akanisomea hati ya kiapo: mimi Mokhlesur Rahman sina undugu wa damu wala wa ndoa na Dilara Khatun, mkaguzi, ndiwe wewe. Hakimu akauliza, "Ni kweli?"

"Kweli tupu, mheshimiwa."

"Unamfahamu?"

"Kwa sifa tu. Nasikia ni mkali."

Karani akacheka, akaniagizia chai! Sijawahi kusema uongo mnyoofu namna ile, mimi ambaye nimevuka mto na mbuzi. Wala usiumie, maana nilipiga hesabu zangu kabla ya kuinua mkono. Aliyeapa ni Mokhlesur, na Mokhlesur kweli hana mpwa. Badol ndiye mwenye mpwa, na Badol hajaapa kitu.

Hati imekwisha tumwa ofisini kwenu. Wewe ukiulizwa sema ulikosea, majina yalifanana. Kisha njoo usaini. Wanawake wa uwanjani wanangoja, Komola amekopa kwa kutegemea mavuno haya. Na mimi sina shamba tena la kurudia.

Badol


Dhaka, 20 Novemba 1997

Mjomba,

Asalaam aleikum. Nimeanza barua hii mara kadhaa nikachana. Natumaini mama anapata joto, nimemtumia shali.

Kikao kilikuwa juzi. Walikuwa watu watano na mimi. Mkaguzi mkuu aliweka karatasi mbili mezani, ile yangu niliyosema wewe ni mjomba wangu, na hati yako uliyoapa kwamba si ndugu yangu. Akasema, "Binti, moja kati ya hizi ni uongo. Ukisema ni ya kwako, tutakuandikia onyo, utarudishiwa kanda yako pamoja na kinu hiki, na yatakwisha. Ukisema ni ya kwake, huyu mtu ameapa uongo mbele ya hakimu. Fikiri vizuri, hatuna haraka."

Wakaniletea chai. Nilifikiri, mjomba. Sitakudanganya kwamba sikufikiri. Nilifikiria kiti chako. Nilifikiria shamba, ambalo nilijifunzia kuogelea pembeni yake. Nikafikiria pia kwamba nikirudishiwa faili naweza kukataa cheti, na hapo hapo nikajua nisingekataa. Ningekuja, ungeniwekea bata mezani, mama angeleta maji, Komola angenichekesha, nami ningesaini. Ndiyo maana fomu ile ipo. Kabla ya juzi nilidhani ipo kwa ajili ya watu wabaya.

Nikafungua mkoba nikatoa barua yako ya Agosti.

Mkaguzi mkuu aliisoma kwa sauti, yote, kuanzia "Tuni mwanangu". Walicheka kwenye mbuzi. Kwenye tofali hawakucheka. Alipomaliza akaniuliza, "Huyu si ndiye anayesema mbuzi alizaa katikati ya mto? Nitaaminije habari zake za tofali?"

Nikamwambia, "Mbuzi ni uongo. Tofali ni kweli."

"Unajuaje?"

"Nimekua nikimsikiliza."

Barua imegongwa muhuri na kupewa namba, sitarudishiwa. Biswas anakuja wiki hii na lakiri ya kukifunga kinu. Kuhusu kiapo wameandika kwa hakimu, nilikuwa nimewaomba wasiandike. Mimi nimebaki kazini, nimehamishiwa kanda ya kusini.

Kama umeliwasha, lizime kabla hujamaliza kusoma mstari huu.

Mimi ndiye niliyeitoa barua ile. Sikunyang'anywa.

Tuni


Shalbonpur, 18 Desemba 1997

Kwa Dilara Khatun,

Salamu. Barua hii ameniandikia Mwalimu Sattar wa shule ya msingi, mimi nasema yeye anaandika. Wakili ameniambia nisiandike tena kitu chochote kwa mkono wangu. Mwalimu anakusalimu.

Mama yako ni mzima. Shali imefika, anaivaa. Anauliza utakuja lini. Nimemwambia kusini ni mbali.

Bwana Biswas alikuja tarehe 24 Novemba. Boila lilikuwa la moto, sikatai, tulikuwa tumetokosa siku mbili. Barua yako ilinikuta baada yake. Aliamuru moto utolewe, akangoja likapoa, akatoa tofali akampa Talukdar mkononi kama anampa mzigo wake. Kisha akalala chini kwenye majivu na nyundo yake ndogo, akaanza kugonga. Kwenye mshono, pale penye rangi nyekundu, aligonga mara moja na nyundo ikaingia mpaka kwenye mpini. Aliiacha imening'inia pale ili tuione sote. Wanawake wa uwanjani walikuja kutazama mmoja mmoja. Komola alipima kwa hatua kutoka kwenye ule mshono mpaka mahali anapokaa kila siku kunyonyesha. Hatua sita. Akanitazama, hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Kinu kimefungwa kwa waya na muhuri wa risasi. Mpunga wa watu umepelekwa kinu cha ng'ambo ya mto, na wanawake wa kule hawataki wa huku wachukue kazi yao. Mama yako akienda bwawani wenzake wanahama upande. Talukdar anasema hisa yangu ni robo ya chuma kibovu, nikaichukue nikitaka. Ananiita "wewe".

Mwalimu ananiuliza kama tupumzike kidogo. Nimemwambia aandike tu.

Nimeitwa kwa hakimu tarehe 12 Januari. Wakili anataka niseme nilichanganyikiwa kwa sababu ya majina. Nimekataa. Nitasema nilidanganya. Sijawahi kusimama mbele ya watu nikasema hivyo, na nadhani pale mahakamani nitakuwa mtu ambaye hata sokoni hawatamtambua. Wanaweza kunifunga, wanaweza kunitoza. Ukiitwa shahidi, njoo, sema ulichosema. Usinitazame nikiwa nasikiliza, hilo tu.

Usinijibu kabla ya siku hiyo. Kila barua sasa ni karatasi ya ushahidi ya mtu fulani.

Kuna neno jingine nililotaka kukwambia, juu ya zile hatua sita na kuhusu wewe, lakini siwezi kulisema mbele ya mwalimu.

Mokhlesur Rahman
(alama ya kidole gumba)